Mikono ya Mafuta na Taa ya Kushoto

Numbi, mwanangu,

Usishangae kukuta karatasi hizi ndani ya sanduku lako, chini ya nguo alizokunja mama yako. Mimi ni mtu wa kubeba mizigo, si mtu wa kuandika, na shule niliiacha darasa la tatu. Lakini leo mama yako amenifukuza uani. Amesema, "Papa Numbi, ingia mu nyumba, ikala kwa kiti, shika kitu ingine. Ukibakia hapa utamunyanganya mutoto kazi." Basi nimeshika kalamu. Ninaandika ili mikono yangu ipate mahali pa kutulia.

Hapa mezani, karibu na dirisha, ninakuona. Umefungua kifuniko cha injini ya gari letu na umefunga kitenge cha zamani kiunoni. Jana taa ya kushoto ilikataa kuwaka. Kesho unaondoka alfajiri, giza likiwa bado lipo, kwenda Kabongo kuishi kwa mama yako mdogo na kubeba akina mama wa soko pamoja na magunia yao. Wamekubali kukungoja hadi Jumatatu. Usipofika, watamchukua dereva mwingine, na wako wengi wanaongoja nafasi hiyo. Gari lenye jicho moja halitembei gizani kwenye barabara ile. Hilo tumekubaliana sote watatu. Na ampuli, kile kioo kidogo kinachowaka ndani ya taa, ilikuwa imebaki moja tu sokoni kwa Mama Feza mpaka treni ilete nyingine. Treni yetu unaijua. Hiyo moja ndiyo uliyoiweka juu ya tofali, bado ndani ya boksi lake, na mimi nimekatazwa kusogea karibu.

Sitakuandikia habari za kula, za kusali, za kufunga mlango, wala za wanaume wa Kabongo. Mama yako amekuwa akikuambia hayo tangu Pasaka, na leo asubuhi nimemsikia akianza tena kutoka mwanzo. Mimi nataka kukuandikia habari za mikono yangu, kwa sababu zipo sehemu huzijui, na sehemu unazozijua niliwahi kukudanganya.

Unajua kwamba kazi yangu ni mafuta ya mawese. Tangu nilipofika hapa Kamina kutoka Kongolo, nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, nimepakia mapipa ya mafuta kwenye mabehewa. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja, nipate baiskeli, nirudi. Mabega yangu yamebaki hapa, mgongo umebaki hapa, nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe. Mafuta yale hayatoki mikononi. Unaosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, unakwenda kanisani, unamshika mtu mkono, anajifuta kwenye suruali akidhani humwoni. Sisi wapakiaji tunayapaka kila mahali. Bawaba ikilia, mawese. Mnyororo wa baiskeli, mawese. Umeungua, mawese. Kisimba, rafiki yangu wa kazi, aliwahi kuyapaka kwenye redio iliyokuwa inakwaruza. Ilinyamaza kabisa, na yeye akasema, "Unaona? Makelele imekwisha."

Gari nilipolinunua lilikuwa limekaa miaka juu ya matofali nyuma ya nyumba ya fundi mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka siku ile lilipowaka kwa mara ya kwanza, kuku wakaruka kutoka madirishani, ukapiga kelele kwamba tumenunua gari lenye mabawa. Nilicheka mpaka mgongo ukauma. Wiki hiyohiyo ampuli moja ikafa, na hapo ndipo elimu yangu ilipoanza.

Nilinunua nyingine kwa Mama Feza, yule mama wa vipuri anayekaa mwisho wa safu ya wauza baiskeli. Boksi lilikuwa na maandishi ya Kifaransa, na juu yake picha ya mkono uliopigwa mstari. Kifaransa sikisomi. Ningeweza kumwuliza yeye. Ningeweza kukuuliza wewe. Ulikuwa tayari unasoma vizuri. Sikuuliza. Nilimwonyesha Kisimba, ambaye shuleni hajawahi kuingia hata siku moja, na kwa sababu hiyo haogopi maandishi yoyote.

Aliishika ile picha, akaiangalia sana kama daktari.

"Iko wazi," akasema. "Mukono wameikata. Ni kusema, hapana kutia na mukono. Lete koleo."

Mwanangu, niliishika ampuli kwa koleo. Mimi, ninayenyanyua pipa peke yangu, niliibana kwa koleo taratibu kabisa, kama mtu anayeshika yai, na bado ikapasuka kwa sauti ndogo tu: tsi. Kisimba akatazama vipande chini, akatikisa kichwa. "Njo vile. Ilikuwa ya mubaya tangu kwabo kule inatoka."

Ya pili niliitia kwa mkono, nikamwambia Kisimba picha yake aende nayo. Nilipasua ngozi ya vidole, maana upande ule betri imekaa karibu na nafasi ni nyembamba, lakini ikaingia na ikawaka. Nilifurahi mno. Na kwa kuwa nilifurahi, nikataka idumu. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua huleta kutu. Unajua mpakiaji hufanya nini akiogopa kutu. Nilichovya kidole kwenye kopo, nikaitoa tena ampuli, nikaipaka mawese kote, chuma na kioo, safi, ikang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikairudisha.

Jumamosi ile nilikuwa nimeombwa kumbeba bibi arusi, binti wa jirani yetu. Ulikaa mbele pamoja nami na gauni lako la njano. Msafara wa arusi huwasha taa zote hata jua likiwa kali, basi nikawasha. Tulipovuka reli nikaanza kusikia harufu. Harufu nzuri, siwezi kukataa. Nikadhani ni mama fulani barabarani anakaanga mikate yake ya asubuhi, ile midogo ya mafuta. Tukampita, harufu ikaja nasi. Tukapinda kona, harufu ikapinda. Kisha moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye taa, mwembamba, wenye adabu, na watu pembeni mwa barabara wakaanza kupiga kelele.

"Papa! Ii motokari inapika nini?"

"Bibi arusi, njala imekushika? Ngoja tufike!"

"Tutilie mikate mbili, na chai!"

Bibi arusi alikuwa amekatazwa kucheka. Mama zake walimwambia bibi arusi hucheka akifika kwa mumewe. Alivumilia mpaka mbele ya ofisi za mkoa, halafu akapasuka, na poda yote ikateremka na machozi. Wewe ulinishika mkono ukaniuliza kwa sauti ya upole, "Papa, ni weye njo unapika?" Hapo ampuli ikapasuka, tsi, na moshi ukaisha. Tangu siku ile gari letu linaitwa Motokari ya Mikate. Hata leo, nikipita karibu na kituo cha treni, kuna vijana wanaoniuliza kama imeiva.

Hadi hapo unacheka, na mimi nacheka hapa peke yangu, mama yako amechungulia kuona nina nini. Lakini kinachofuata hukijui.

Jumatatu yake nilikwenda sokoni kwa Mama Feza na hasira ya mtu aliyechekwa. Sikumwambia habari ya mawese. Nilisimama mbele ya meza yake, watu wamejaa, nikasema kwa sauti kwamba anauza ampuli zilizokufa, kwamba ni mwizi, kwamba anakula jasho la watu wanaobeba mapipa. Wateja wawili waliokuwa wameshika bidhaa zake wakazirudisha mezani, wakaondoka. Nilivyoona wameondoka nilijisikia mkubwa.

Yeye hakupaza sauti. Alisema, "Papa, leta mikono nione."

Nikampa, sijui kwa nini. Akaviinua vidole vyangu mpaka puani mwake, akavinusa.

"Unafanya kazi ya mafuta?"

"Ndiyo."

"Basi sikia. Kioo ya ampuli iko moto kupita nyungu. Ukiishika na vidole, hata vya muntu safi, mafuta ya ngozi inabakia pale, inapikwa, kioo inapasuka. Njo maana ya ile picha. Hapana kushika kioo. Shika kwa chuma, ao na kitambaa safi. Na weye, papa, mawese?" Akanitazama, akaanza kucheka, lakini cheko jema, bila dharau. "Ni weye wa ile arusi!"

Watu wote wakacheka. Numbi, pale palikuwa na njia mbili. Ningeweza kucheka nao, na mambo yangeishia hapo. Niliondoka. Nilimwacha na mdomo wazi, sikusema asante wala samahani. Na nilipofika nyumbani, wewe ukiwa unasubiri kujua, nikakuambia, "Yule mama ni mwizi. Anauza vitu vibovu."

Wewe ulikuwa mtoto unayenisadiki. Kwa muda wa mwaka mzima ulimpita Mama Feza ukienda shuleni bila kumsalimu. Nilikuona siku moja. Alikuinulia mkono, na wewe ukageuza uso kama mtu mzima, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesimama ng'ambo na pipa la mtu begani, na pipa lile sijawahi kusahau uzito wake. Hata hivyo sikuja kukuambia kweli. Nilizunguka soko zima ili nisipite kwenye meza yake. Nilinunua ampuli kwa wachuuzi wa njiani. Nikazitia kwa kitambaa, kama alivyonifundisha yeye, na zikadumu. Kila zilipowaka nilijua ni nani aliyenifundisha, na hilo liliniudhi.

Mtu akikufundisha mbele ya watu, aibu inachoma. Mimi nilidhani dawa yake ni kumchukia mwalimu. Sikukuta dawa humo. Nilipoteza mwaka wa kusalimiana na mtu mwema, na nilikupotezea wewe mwaka huohuo.

Aliyenitoa humo ni mama yako. Alijua yote, Kisimba alikuwa amemweleza, Kisimba hawezi kufunga mdomo. Asubuhi moja alijaza beseni mikate ya moto, akalifunika kwa kitambaa, akaniwekea kichwani kama mimi ndiye mwuzaji. "Enda. Mupelekee. Usirudi na beseni." Nilivuka soko na beseni kichwani, watu wakinitazama. Nilifika, nikaliweka kati ya vipuri vyake, nikasema maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima: "Mama Feza, nimekuletea ampuli. Hizi ziko sawa, nimezipika mwenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akasema, "Na mutoto? Yule hanisalimu." Nikasema, "Mutoto hana kosa. Kosa ni ya miye." Akasema, "Basi mwambie."

Jioni ile nilikuambia tu kwamba Mama Feza na mimi tumepatana, umsalimu. Sikukuambia kwamba nilidanganya. Leo ndiyo ninakuambia. Nimechelewa, lakini bado uko uani na sijafunga karatasi. Alipokupa jana hiyo ampuli ya mwisho, aliyokuwa amekataa kumuuzia mtu mwingine, alikuwa anampa yule mtoto aliyekuwa anageuza uso. Nilitaka ujue hilo kabla hujaondoka.

Kisimba amekuja. Namsikia kabla ya kumwona.

"Eh, Numbi! Umesha kuzima taa mbele? Umengoja moto ipoe? Usishike kioo!"

"Papa Kisimba, ni weye wa koleo?"

"Nani amekuambia habari ya koleo?"

"Kamina yote."

Mama yako anacheka, amejishika kwenye mlango. Kisimba ameketi juu ya tairi, anacheka naye. Naona umechomoa fishi, lile tako la plastiki lenye nyaya nyuma ya taa. Umetoa mpira mweusi. Umefungua ule waya unaobana. Mimi huurusha chini kila mara na kuutafuta nusu saa, wewe umeuacha ukining'inia. Mkono wako unapita kati ya betri na chuma kana kwamba gari lilitengenezwa kwa kipimo chako. Umeitoa ampuli ya zamani. Umeishika kwa chuma.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, baya kidogo. Tangu jana taa ilipokataa, sehemu fulani ya moyo wangu inafurahi. Naiombea isiwake. Namwona Kisimba yuko hapo, namjua mkono wake, nasema labda atasaidia na koleo lake. Ampuli ivunjike, treni ichelewe kama kawaida, akina mama wa Kabongo wapate dereva mwingine, na Jumatatu uwe hapa unaniambia nisiongeze chumvi. Siku niliyoondoka Kongolo, baba yangu alisimama tu kando ya behewa, hakusema neno, nikadhani hajali. Leo nafikiri alikuwa anaomba treni iharibike. Mimi sitaki udhani sijali, ndiyo maana nimeandika. Lakini ombi langu usilihesabu. Uende.

Sielewi unachofanya. Boksi la Mama Feza bado liko juu ya tofali, hujaligusa. Umekwenda upande wa kulia, kwenye taa nzima, unaifungua na yenyewe. Kisimba amesimama. "Numbi, ile inawaka! Unatafuta matata gani?" Umechukua ampuli nzima ya kulia, umeitia upande wa kushoto. Umeingia garini, umewasha. Haiwaki. Sasa ile ya kushoto, ile tuliyoiita maiti, umeitia kulia.

Inawaka.

Mwanangu, inawaka! Ampuli haikufa!

Umelileta fishi la kushoto karibu na uso. Umemwomba mama yako kisu. Unakwangua ndani, vumbi la kijani linaanguka, ile kutu ya shaba. Unapuliza. Unakwangua tena. Kisimba ameinama karibu nawe, anaangalia kama mtu aliye shuleni.

Zote mbili zinawaka. Kisimba anacheza uani. Watoto wa jirani wamekuja kuona kuna nini. Na wewe umeingia hapa mbio, mikono myeusi, nimefunika karatasi kwa kiwiko, umeniwekea boksi mezani, halijafunguliwa.

"Papa, ampuli ilikuwa muzima. Ni fishi njo ilikufa."

"Ulijua je?"

"Sikujua. Niliuliza tu ile ingine."

Halafu ukatoka tena kwenda kuchezeshwa na Kisimba.

Nimekaa hapa na boksi mkononi. Nimeandika kurasa zote hizi kuhusu namna ya kushika kioo, na kioo hakikuwa na shida. Miaka yote hii, kila taa ilipozima, mimi niliitupa ampuli na kununua nyingine. Sijui nimetupa ngapi zilizokuwa hai. Sikuwahi kuuliza kwanza kama imekufa. Kama ningeweza kufuta yote ningeandika barua nyingine, fupi, inayosema tu kwamba baba yako amekuona ukifanya kazi. Lakini karatasi zinakwisha, basi uichukue hii pamoja na makosa yake. Boksi nitalitia garini. Litakaa nawe kama akiba. Ukilihitaji, usilishike kama mimi.

Mama yako anaita kutoka jikoni, "Papa Numbi! Bale bote banacheza, taa zinawaka bure, betri itaisha!"

Natazama nje. Kweli. Umesahau kuzima. Mko mbali, kwenye mlango wa ua, Kisimba anawaonyesha watoto jinsi bibi arusi alivyocheka, na taa zote mbili zinawaka kwenye jua bila kazi. Betri yetu imezeeka. Nikikaa hapa tu, nikiendelea kuandika polepole kama ninavyoandika, kufika jioni itakuwa imekufa, na kesho alfajiri utageuza ufunguo na gari halitasema neno. Hakuna atakayenilaumu. Sikugusa kitu, niliketi ndani kama nilivyoambiwa.

Nimekwenda. Nimezima mwenyewe. Halafu nimeingia garini nikageuza ufunguo mara moja, kuhakikisha, na injini imeitika papo hapo.

Betri ina nguvu, Numbi. Kesho litawaka.

Ni mimi papa yako, nikiwa na mafuta mikononi hadi kwenye karatasi hii, kama unavyoona.